Foleni Ndefu, Akaunti Tupu: Maswali ya Madaktari Wenye Kliniki Zao

Barua za safari hii karibu zote zinazungumzia jambo moja: daktari ana wagonjwa, ana sifa nzuri mtaani, lakini pesa haionekani. Majina ya walioandika tumeyahifadhi. Hesabu tulizopiga hapa ni za mfano; chukua kanuni, kisha weka namba za kwako.

Ndugu Mhariri, nina zahanati na foleni haikatiki. Vitabu vinaonyesha mapato ya shilingi milioni 40 kwa mwezi, kati ya hizo milioni 28 ni wagonjwa wa bima. Lakini kila ikifika tarehe 25 naanza kutafuta pa kukopa mishahara. Mke wangu anaamini naibiwa. Je, ni wizi?
*Daktari, Mwanza*

Daktari, wizi unawezekana, na kuupima si kazi kubwa: chagua siku kumi bila kumwambia mtu, linganisha daftari la mapokezi na risiti za keshia. Lakini kwa namba ulizotupa, kabla hujamshuku keshia, angalia pesa yako iko wapi. Iko bima.

Mgonjwa anayekuja leo na homa umeshamgharamia leo hii: glavu, kipimo, dawa, umeme, muda wa mtu wa maabara. Fomu yake inasubiri mwisho wa mwezi, wastani wa siku 15. Karani anazipanga na kuzituma, tuseme siku 10. Ndipo saa ya bima inaanza kuhesabu. NHIF ya Tanzania, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, hutaja siku 60 tangu kupokea madai. Kampuni binafsi zinafuata mkataba wako nazo. Jumla siku 85. Gawa milioni 28 kwa 30, zidisha kwa 85: karibu milioni 79. Hicho ndicho kiasi ulichoikopesha bima bila riba. Na maadamu unaendelea kupokea wagonjwa wa bima, mkopo huo hauishi, kwa sababu kila dai linalolipwa nafasi yake inachukuliwa na jipya.

Ubaya zaidi, wagonjwa wa bima wakiongezeka kwa robo, utahitaji kama milioni 20 nyingine za kuwahudumia kabla malipo yao hayajaanza kuingia. Ndiyo maana zahanati inayokua haraka ndiyo inayokauka kwanza, na mwenyewe haelewi, kwa sababu faida kwenye karatasi inapanda.

La kufanya kwanza ni jedwali la umri wa madai. Kila Jumatatu karani akuletee karatasi moja: kila bima na mstari wake, na safu nne za kiasi unachodai, yaani siku 0 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya 90. Safu ya nne ikikua wiki mbili mfululizo, piga simu wewe mwenyewe. Daktari mwenye zahanati akipiga, anajibiwa tofauti na karani.

Pili, punguza siku zilizo mikononi mwako. Zile 10 za kupanga fomu zikiwa 3, unapata milioni 6.5 mara moja, bila kukopa. Hili linawezekana tu kama kila fomu inakaguliwa siku ileile mgonjwa alipotibiwa. Ukisubiri tarehe 30 uanze kusoma mwandiko wa tarehe 2, hutamaliza. Kampuni binafsi ziombe zipokee madai mara mbili kwa mwezi. Baadhi hukubali, na kuuliza hakugharimu kitu.

Tatu, zungumza na duka la jumla la dawa. Ukimlipa muuzaji taslimu huku wewe unalipwa baada ya siku 85, pengo lote ni lako. Siku 30 au 45 za kulipa dawa ni nafuu kuliko mkopo wowote wa mtaani. Kukopa milioni 8 za mishahara kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi kunakula laki nane kila mwezi, ambazo ni mshahara mzima wa mtu mmoja.

Mimi ni karani wa madai kwenye kituo cha afya. Kila mwezi tunakatwa kama asilimia 12 ya tunachodai. Daktari ananilaumu mimi, mimi naona kosa liko chumba cha daktari. Makato haya yanatoka wapi, na tunaweza kuyarudisha?
*Karani, Dodoma*

Ndugu yetu, wote wawili mna sehemu, pamoja na mapokezi na dirisha la dawa. Tuseme mnadai milioni 28 na kukatwa asilimia 12: ni milioni 3.36. Kituo chenye faida ya asilimia 10 kwenye mapato ya milioni 40 kinabaki na milioni 4. Makato yanakaribia kulingana na faida yote ya mwezi. Hakuna tangazo wala kipimo kipya kitakachowaletea pesa haraka kama kuziba tundu hili.

Chukueni fomu moja iliyokatwa muisome taratibu. Tuseme mtu mzima amekuja na homa. Kipimo cha haraka cha malaria kimetoka hasi. Kwenye nafasi ya ugonjwa daktari ameandika B54, yaani malaria. Dawa: mseto vidonge 24, sindano ya ceftriaxone gramu 1 kwa siku tatu, na amoksilini ya miligramu 500 mara tatu kwa siku 5, lakini dirishani zimeandikwa vidonge 21.

Mkaguzi wa bima anaona hivi. Vidonge 24 ndiyo dozi kamili ya mtu mzima, vinne mara mbili kwa siku 3, kwa hiyo idadi haina kosa. Kosa ni kutoa mseto kwa kipimo hasi. Anakata. Ceftriaxone haina maelezo yoyote ya kuifanya ihitajike: hakuna joto lililoandikwa, hakuna dalili za hatari. Anakata. Amoksilini mara tatu kwa siku 5 ni 15, siyo 21. Anakata sita, au anakata yote akiuliza kwa nini mgonjwa anapewa antibiotiki mbili. Fomu moja, makato matatu, na karani hakugusa hata moja.

Yanayotoka mapokezi ni mengine: namba ya uthibitisho wa kadi haipo au ni ya tarehe nyingine, saini ya mgonjwa haipo kwenye fomu ya madai ya NHIF, ile ya 2A na B, namba ya uanachama imekosewa tarakimu moja. Dirisha la dawa linaleta dawa isiyo kwenye kitita, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bima, au isiyoruhusiwa kwa ngazi ya kituo chenu. Na kwako wewe yanatoka madai yaliyotumwa mara mbili, bei ya zamani, na kuchelewa.

Mkipokea ripoti ya makato, msiisome kama hasira ya bima. Igaweni kwa sababu na kwa jina la aliyejaza, pamoja na kiasi cha pesa. Mara nyingi sababu tatu zinabeba sehemu kubwa, na mara nyingi mtu mmoja au wawili ndio wenye nyingi. Huyo akaelekezwe kwa upole, akiwa na fomu zake mkononi. Kisha wekeni mkaguzi wa ndani, hata muuguzi mzoefu kwa saa moja kila jioni, apitie kila fomu kabla mgonjwa hajasahaulika: kadi, saini, ugonjwa unaolingana na kipimo, dawa inayolingana na ugonjwa, idadi inayolingana na siku.

Makato yasiyo ya haki yakatieni rufaa ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba, kwa barua yenye namba ya fomu, sababu waliyotoa, jibu lenu na nakala ya jibu la maabara. Rufaa ya maneno hairudishi kitu.

Onyo moja, nasi tunalisema kwa uzito wote. Kosa likigundulika baada ya mgonjwa kuondoka, msibadilishe jibu la maabara wala kubuni dalili ili fomu ipite. Huo ni udanganyifu, unaweza kuvunja mkataba na kumfikisha daktari mbele ya Baraza la Madaktari. Zaidi ya yote, mgonjwa huyo atarudi siku nyingine, na daktari atakayesoma faili lake ataamini mlichoandika.

Nilisajili zahanati kama kampuni. Sasa natakiwa kulipa kodi ya mapato ambayo bima bado haijanilipa. Ni halali?
*Daktari, Tanga*

Ni halali, Daktari. Sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania inaitaka kampuni ihesabu mapato pale inapostahili kulipwa, siyo pesa inapoingia. Mtu binafsi ana ruhusa ya kuchagua hesabu ya taslimu, kampuni haina. Kwa hiyo dai la Novemba ni mapato ya mwaka huu hata likilipwa Februari, na kodi ya kampuni ni asilimia 30 ya faida.

Unachoweza kufanya ni kuhakikisha hulipi kodi ya pesa ambayo haitakuja kabisa. Ripoti ya makato ikifika, na kama huikatii rufaa, punguza mapato mwezi huohuo na uiambatanishe kwenye vitabu. Wengi huacha dai zima likae kama lilivyotumwa, wakalipa kodi ya kiasi kilichokatwa, ambacho hakitakuja tena. Kodi ya makadirio inalipwa kwa awamu nne, na kwa anayefuata mwaka wa kalenda ni mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Unaruhusiwa kurekebisha makadirio katikati ya mwaka; usisubiri hesabu za mwisho ndipo udai ulizidisha. Mteja akikukata kodi ya zuio, yaani kodi anayoizuia kwenye malipo yako na kuipeleka serikalini, dai cheti chake, kwani bila cheti ni pesa iliyopotea.

Kumbuka pia huduma za tiba hazitozwi VAT, jambo linalosikika zuri. Lakini maana yake huwezi kudai VAT uliyolipa kwenye samani, ulinzi na matengenezo. Ile asilimia 18 iingize kwenye gharama zako unapopanga bei.

Nina kliniki ya ngazi ya 2. Wagonjwa wa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, wanaongezeka na nashindwa kujua kama wananisaidia au wananimaliza. Pia kuna deni la zamani la NHIF. Nifanyeje?
*Daktari, Nakuru*

Daktari, kwanza tenganisha mifuko. SHA ilichukua nafasi ya NHIF ya Kenya tarehe 1 Oktoba 2024, na chini yake kuna mifuko mitatu: wa afya ya msingi, wa bima ya afya ya jamii ambao ndio wenye makato ya asilimia 2.75 ya mshahara, na wa dharura na magonjwa sugu. Mgonjwa wa nje kwenye ngazi ya 2 na ya 3 analipiwa na ule wa kwanza, unaotegemea bajeti ya serikali na siyo michango. Wafanyakazi wakichangia zaidi, kliniki yako hailipwi haraka zaidi kwa sababu hiyo.

Kiwango kilichotangazwa kwa wagonjwa wa nje ni KSh 900 kwa mtu kwa mwaka. Sasa piga gharama yako ya ziara moja. Mfano: kodi ya nyumba, mishahara, stima, leseni na mtandao ni KSh 420,000 kwa mwezi, una ziara 1,200, hiyo ni 350 kwa ziara. Ongeza dawa na vipimo 250. Ziara moja inakugharimu 600. Mtu akija mara nne kwa mwaka, zile 900 zinakupa 225 kwa ziara. Hazifiki hata kwenye dawa.

Hatusemi uwafukuze, wengi wao ni majirani zako na hawana pengine pa kwenda. Tunasema ujue idadi unayoweza kuibeba. Mtu anayekuja mara moja kwa mwaka anakuletea 900 kwa gharama ya 600, kwa hiyo kinachoamua ni wastani wa ziara kwa kila aliyejisajili kwako. Katika mfano huu mpaka ni ziara moja na nusu. Fuatilia namba hiyo kila mwezi kwa watu wako halisi. Ikipanda, tazama nani anarudi na kwa nini: mara nyingi ni wenye presha na kisukari wanaopewa dawa za wiki mbili, ambao wangeweza kupewa za mwezi na kuja nusu ya safari hizo, kwa faida yao pia.

Deni la zamani: Machi 2025 Rais alitangaza kwamba vituo vinavyodai hadi KSh milioni 10 vitalipwa vyote, na vya zaidi vipitie uhakiki. Tunza kila hati, fuatilia, lakini usiiweke shilingi yake hata moja kwenye bajeti ya mwezi. Ikija, ilipie mikopo yenye riba kubwa kwanza. Na kwenye matumizi yako, dai ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Kenya, kwa kila ununuzi. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliki kupunguza kodi.

Nataka kununua mashine ya ultrasound ya milioni 35 kwa mkopo. Wagonjwa wanaoihitaji nawatuma kwingine kila siku. Itanilipa?
*Daktari, Morogoro*

Mkopo wa milioni 35 kwa miaka mitatu, riba asilimia 18 kwa mwaka kwa salio linalopungua, unarejeshwa kama 1,265,000 kwa mwezi. Tuseme mpigaji picha ni 900,000, na matengenezo asilimia 10 ya bei kwa mwaka, yaani 292,000 kwa mwezi. Jumla ni 2,457,000. Ukilipwa wastani wa 20,000 kwa picha na kutumia 2,000 ya jeli na karatasi, unabaki na 18,000. Unahitaji picha 137 kwa mwezi, tano hadi sita kila siku ya kazi, ndipo usipate hasara. Kwa hiyo usikadirie: kwa mwezi mzima andika kila mgonjwa unayemtuma kwingine. Wakiwa watatu kwa siku, subiri.

Wakitosha, bado kuna pengo la bima. Rejesho la kwanza linadaiwa mwezi ujao; malipo ya picha ya kwanza yanaweza kuja mwezi wa tatu. Omba benki muda wa miezi mitatu kabla ya rejesho la kwanza. Wapo pia wakopeshaji waliojikita kwenye vituo vya afya, kama Medical Credit Fund, wanaoielewa biashara hii kuliko afisa wa benki aliyezoea maduka. Uliza riba kama ni ya salio linalopungua au ya kiasi chote. Asilimia 18 ya kiasi chote ni mzigo mkubwa zaidi kwa namba ileile.

Ukinunua iliyotumika, pima probu, yaani kile kichwa kinachopitishwa mwilini, kabla ya kulipa. Iwashe ikiwa hewani, bila jeli. Kioo kionyeshe mistari myeupe iliyo sawa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiona michirizi myeusi ya wima, hapo vipande vya ndani vimekufa, na probu mpya inaweza kufuta unafuu wote wa bei. Nunua na kidhibiti umeme siku hiyohiyo.

Nafanya kazi ya kutuma madai kwenye kliniki ya madaktari wawili hapa Marekani, na nimesikia wanataka kuiuza kwa hospitali. Nchi tajiri hivi, inakuwaje?
*Msomaji, Minneapolis*

Dada, hawako peke yao. Kwa takwimu za Chama cha Madaktari cha Marekani, mwaka 2012 madaktari wenye kufanya kazi katika kliniki binafsi za madaktari walikuwa asilimia 60.1, mwaka 2024 walikuwa asilimia 42.2. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, haipandishi malipo ya daktari kwa kufuata mfumuko wa bei kama inavyofanya kwa hospitali. Mwaka 2025 kipimo chake cha malipo, yaani kiasi kinachozidishwa na pointi za kila huduma, kilishuka kwa asilimia 2.83 hadi dola 32.35, huku mishahara na pango vikipanda. Na huduma ileile ikifanywa chini ya hospitali mara nyingi hulipwa zaidi, kwa hiyo kliniki ina thamani kubwa mikononi mwa hospitali kuliko mikononi mwa daktari. Ongeza kazi ya kuomba vibali vya bima, ambayo chama hicho kiliikadiria kuwa saa 13 kwa wiki kwa kila daktari na wafanyakazi wake.

Kwa kazi yako hasa: tarehe 21 Februari 2024 Change Healthcare, inayopitisha madai ya kliniki nyingi sana, ilivamiwa kimtandao. Kliniki zilitibu watu kwa wiki kadhaa bila kuweza kudai. Kliniki yako iwe na njia ya pili ya kupitisha madai, iliyokwisha kujaribiwa. Wakiuza, waombe madai ya kabla ya mauzo yawe na mtu anayeyafuatilia kwa jina. Medicare inapokea madai hadi mwaka mmoja tangu siku ya huduma, na mengi hufia kwenye kipindi cha makabidhiano.

Kampuni ya bima inataka nipunguze bei asilimia 10 ndipo inilipe ndani ya siku 30 badala ya 90. Nikubali?
*Daktari, Mombasa*

Tuseme inakuletea KSh 600,000 kwa mwezi na faida yako ni asilimia 15, yaani 90,000. Punguzo litachukua 60,000. Kulipwa siku 60 mapema kunakuachia 1,200,000 mkononi, mara moja tu. Pesa hiyo ukiikopa kwa asilimia 18 kwa mwaka, riba ni 18,000 kwa mwezi. Unauziwa kitu cha 18,000 kwa 60,000. Punguzo linalolingana na haraka hiyo ni asilimia 3. Anzia 2, ishia 3, na mkataba useme wazi kwamba siku ya 31 ikifika bila malipo, punguzo la mwezi huo linafutika na wanalipa bei kamili.